Punguzo la sprinkla za kwiki risponsi: mbona mnalitumia lote?

Hii ya kukata eneo la dizaini (eneo la kupigia mahesabu ya maji ya kuzima moto) asilimia 40 kisa umefunga sprinkla za kwiki risponsi, yaani vile vinyunyizi vya maji vya kwenye silingi vinavyofunguka haraka kwa joto la moto, mimi siipingi, kinachonikera ni watu wanavyoikimbilia kwenye tenda kama ofa ya mwisho wa mwezi. NFPA 13, kitabu cha Marekani cha kanuni za kufunga sprinkla, imeruhusu, sawa, na Ghuba na hata miradi mingi ya huku kwetu ndo kitabu tunachofungua, ila kuruhusiwa si kulazimishwa bana.

Kwa asiyejua inavyoenda: jengo la hatari ndogo au la hatari ya kawaida (madaraja ya kitabu ya hatari ya moto) huwa unapiga mahesabu ya maji kana kwamba moto umefungua sprinkla zote ndani ya mita za mraba 139, ukiweka kwiki risponsi na silingi haizidi mita 3 na kidogo, hilo eneo linashuka hadi 84 hivi. Silingi ikipanda punguzo linanyong'onyea, kwenye mita 6.1 unabaki na asilimia 25, ukizidi hapo hupati kitu. Afu bomba lazima likae na maji muda wote, yale ya kukaa na hewa hayahusiki, na kwenye silingi kusiwe na vishimo vikubwa kuliko mita 3 za mraba visivyo na sprinkla. Hapo kwenye vishimo ndo wengi wanafumba macho, maana mtu wa urembo wa ndani kila siku ana mchoro mpya wa jipsamu.

Sababu yenyewe ina akili. Kile kichupa cha kioo kinachoziba sprinkla na kupasuka kwa joto, chembamba cha milimita 3 kinapata joto haraka kuliko cha milimita 5, kwa hiyo sprinkla ya kwanza inafunguka moto ukiwa bado mdogo na nyingine nyingi hazifiki kufunguka. Silingi ikiwa juu sana hewa ya moto inapoa ikipanda, muda unapotea na moto unazidi kukua chini, ndo maana punguzo lote limefungwa kwenye urefu.

Sasa angalia hela zilipo. Hatari ya kawaida kundi la 2, milimita 8.1 kwa dakika, yaani lita 8.1 kwa kila mita ya mraba: mita 139 zinataka kama lita 1,126 kwa dakika, mita 84 zinataka 680. Kwa saa moja umeokoa zaidi ya lita 26,000 za tenki, maji ya hozi za kuzimia moto hayaguswi lakini. Pampu inashuka saizi, bomba kuu linapungua, kontrakta anashinda tenda, wote wanapiga picha.

Afu anakuja mpangaji wa pili na fasheni ya kung'oa silingi ili slebu ya zege na madakti ya hewa vionekane. Silingi ilikuwa mita 3, slebu iko 4.6, punguzo halali pale ni asilimia 32.5, yaani eneo linarudi kwenye mita 94, na nani anarudia mahesabu? Fundi anapandisha sprinkla juu, pampu ile ile, bomba lile lile. Na kama zilizovunjika zilibadilishwa na zozote zilizopatikana dukani, za milimita 5, hapo punguzo halina hata pa kusimamia.

Kingine, kwenye hatari ndogo sprinkla moja inaweza kufunika hadi mita za mraba 20.9, ukigawa 84 unapata sprinkla 4. Kitabu kinasema zisipungue 5. Nimeona mahesabu yamesimama kwenye 4, kisa programu haikulalamika.

Kwa jengo la zamani lenye maji ya shida, mimi punguzo nalichukua lote bila aibu, bora sprinkla zifanye kazi kuliko kukosa kabisa. Jengo jipya hapana. Tenki, pampu na bomba kuu naviweka bila punguzo, mabomba ya matawi ya kila floo ndo nayabana. Mtaniambia hiyo ni hela ya mteja, ndio, ila jaribu kuongeza tenki la besmenti jengo likiwa limejaa watu halafu tulinganishe risiti.

Na pale kwenye kibao cha mahesabu kinachoning'inia kwenye bomba kuu, pamoja na namba za kawaida, mimi naandika urefu wa silingi uliotumika na mstari mmoja: silingi ikitolewa, pigeni mahesabu upya. Kibao chenyewe ni cha bati tu.