Vituo vya uraibu: jengo jipya au wauguzi?

Pombe ya sumu ikiua watu, ahadi inayofuata huwa ni moja: kila kaunti ijengewe kituo cha kurekebishia tabia. Siwabezi wanaoidai. Mathari, kando ya barabara ya Thika hapa Nairobi, ni hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili ya nchi nzima; kule Mombasa, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina kituo chake Miritini. Mtu wa Lodwar, kule Turkana, asiye na pesa za kituo cha kibinafsi abishe mlango gani? Wapo wanaouza ng'ombe au kipande cha shamba kumlipia kijana siku 90, naye akirudia ulevi hakuna cha kuuza tena.

Wana hoja nyingine pia, ambayo wapinzani wao huiruka. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kushikwa na kifafa, akaona mambo yasiyokuwepo, hata akafa. Huyo anahitaji kitanda na daktari, si mahubiri.

Ila kitanda hicho ni cha wiki moja hivi. Hospitali za kaunti hapa Nairobi kama Mbagathi au Mama Lucy zingeweza kukitoa zikipewa dawa na wahudumu. Jengo jipya hulemea baadaye, utepe ukishakatwa, mishahara ya wauguzi na washauri nasaha inapodaiwa kila mwezi na kaunti ambako migomo ya wahudumu wa afya haiishi. Kwa mtumiaji wa heroini kuna hatari zaidi: akikaa miezi mitatu bila unga, mwili huacha kuuzoea. Akirudi maskani na kujipimia kiasi chake cha zamani, kinaweza kumuua.

Ndiyo maana methadoni, dawa anayopewa mtumiaji wa heroini badala ya unga, inanishawishi zaidi. Kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Mathari Desemba 2014. Baadaye mtaa wa Ngara, hapa Nairobi, nao ukapata yake. Mgonjwa hulala kwake, asubuhi hupanga foleni, hupewa dawa kikombeni, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Ni nafuu kuliko kumlaza mtu. Lakini mjenzi wa Dandora anayetakiwa saiti saa moja asubuhi hulazimika kuchagua kati ya dawa na kibarua, na nauli ya kila siku ni yake. Kliniki mbili tatu kwa jiji hili ni mzaha.

Tena huduma hii iliingia kupitia vita dhidi ya Ukimwi, kwa sababu watumiaji huazimana sindano, na kwa miaka mingi imeegemea wafadhili wa nje. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, ilionekana jinsi huduma kama hizi zinavyoning'inia kwenye uamuzi wa watu wasiopigiwa kura hapa.

Halafu kuna pombe, ambayo methadoni haiitibu. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya, na pombe ndiyo inayoongoza. Wengi wao wangesaidika katika zahanati ya mtaa, kwa mshauri wa kila wiki na dawa, bila kulazwa.

Nani alipe? Katiba imezipa kaunti huduma za afya na hata udhibiti wa dawa za kulevya, huku hospitali za rufaa zikibaki kwa serikali kuu. Magavana hulalamika kuwa kazi ilikuja bila pesa, na hawasemi uongo. Lakini kaunti hizo hizo ndizo zinazotoa leseni za baa na kukusanya ada. Sehemu ya ada hizo itengwe kisheria kwa wauguzi na washauri wa zahanati. Kuna watakaosema kaunti itakuwa na sababu zaidi ya kuongeza baa. Leseni zinatolewa ovyo hata sasa, na hakuna senti inayoonekana Ngara.