Malkia Wawili Hawakutosha

Hebu niambieni, kwenye sataranji ya simu, mtu mwenye malkia wawili na ngome anashindwaje na mwenye mfalme na kitunda, kile kipande cha chini kuliko vyote? Nauliza kwa utulivu. Mimi ni mtu mzima, nina familia, siwezi kugombana na simu.

Tulianza vizuri mimi na mpinzani wangu, kila mmoja na dakika zake kumi. Nikamla farasi, nikamla malkia, nikamwacha hana kitu. Muungwana angekubali yaishe. Yeye akaanza kumtembeza mfalme, kona hii, kona ile, kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Kila hatua yake nusu sekunde. Mimi lazima nitafakari, maana nikimbana akakosa pa kukanyaga na sijampiga cheki, yaani mfalme wake sijamtishia, inahesabiwa sare. Sare na mtu wa kitunda ni aibu ya ukoo.

Sasa kioo cha simu yangu kina ufa, umeshuka kwenye ule mstari wa mwisho wa ubao, kulia. Pale kidole hakishiki. Nagusa malkia, hatoki. Nafuta jasho kwenye suruali, nagusa tena, inatoka ngome! Sekunde kumi na nne. Mama watoto anaita toka jikoni, gesi imekata. Nakuja. Sekunde tisa. “Nakuja gani hiyo ya tangu magharibi?” Sekunde nne, chekimeti ya kummaliza mfalme naiona hii hapa, hatua moja tu, nampeleka malkia kwenye ufa... kimya. Muda umekwisha, nimeshindwa. Na eti ni haki yake! Kile kitunda chake kilichoganda mbele ya ngome yangu, kisheria kinaweza siku moja kuwa malkia. Siku gani? Asingekuwa nacho, ingekuwa sare. Halafu ananiandikia asante kwa mchezo. Asante ya nini, wewe?

Wengine siwataji. Yupo anayezidiwa akaiacha saa itembee, akaenda zake kuoga. Yupo wa kuomba sare kila hatua ya pili. Na bando nalo lina saa yake.

Msiniambie nicheze ile michezo mirefu isiyo na haraka. Mwaka 1989 kule Belgrade, wachezaji Nikolić na Arsović walipiga hatua 269, zaidi ya saa 20, ikaisha sare. Ukirudi nyumbani unasema ulikuwa wapi? Carlsen na Nepomniachtchi, wakigombea ubingwa wa dunia pale Dubai mwaka 2021, walifika hatua 136, karibu saa nane, lakini Carlsen alishinda, tena kwa malipo.

Kijiweni kwetu tunacheza drafti ya vizibo vya soda, saa hatuna. Ukichelewa, watazamaji wanakutukana mpaka unasogeza, au mmoja anakusogezea. Tatizo la pale ni kashata tu. Siku hizi zimekonda, ukiinua moja unamwona jirani upande wa pili. Nikamuuliza muuza kahawa, akasema karanga zimepanda. Karanga za Dodoma hapo, zimepanda meli?