Sarafu sita za Oseola McCarty

Ofisa wa benki mjini Hattiesburg, jimbo la Mississippi, Marekani, alipanga mezani sarafu kumi za senti kumi kumi. Mbele yake ameketi bibi mzee aliyeishi kwa kufua nguo za watu. Akamweleza kwamba kila sarafu ni sehemu moja ya akiba yake ikigawanywa mara kumi. Aamue mwenyewe ziende kwa nani. Oseola McCarty akatoa moja kwa kanisa lake, moja moja kwa ndugu zake watatu, na sita zilizobaki akazielekeza Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, zisomeshe vijana wasio na uwezo. Sarafu sita zile zilisimama mahali pa dola 150,000. Habari zilipotangazwa mwaka 1995 alikuwa na miaka 87.

Kila ninaposoma habari zake nakuta anasifiwa kwa kubana matumizi: hakuwahi kuwa na gari, alitembea kwa miguu, Biblia yake ilishikizwa kwa utepe wa gundi. Ni kweli yote, lakini naona tunampunja.

Mama yangu naye alifua nguo za watu. Najua sabuni inavyochubua katikati ya vidole, na jinsi shuka lililolowa linavyotaka watu wawili kulikamua, mmoja huku, mwingine kule. Oseola aliwasha moto uani, akachemsha nguo, akazisugua kwenye ubao, akazisuuza, akazitia wanga, akaanika. Miaka ya 1960 alinunua mashine ya kufulia. Hakuridhika na kazi ya mashine ile, akarudi kwenye ubao. Mtu bahili hafanyi hivyo. Anafanya hivyo mtu anayeiheshimu nguo ya mwenzake. Alifua zaidi ya miaka 70, mpaka baridi yabisi ilipomkatalia mikono.

Na kuna shule. Aliacha akiwa darasa la sita ili amuuguze ndugu ya mama yake, ambaye alitoka hospitalini hawezi kutembea. Baadaye akaona wenzake wamekwisha kumwacha mbali, hakurudi tena. Chuo alichokipa pesa zake hakikuwa mbali na nyumba yake, lakini mtu mweusi hakupokelewa pale hadi mwaka 1965. Oseola alikuwa na miaka 57. Hebu fikiri: kupita miaka yote hiyo karibu na mlango uliofungwa kwa ajili ya rangi yako, kisha ukafunguliwa, na wewe ukaenda kuwalipia wengine waingie. Hilo ndilo linalonitoa machozi, wala si gundi ya Biblia.

Heshima zilikuja. Rais Clinton alimpa nishani, Harvard ikamtunuku shahada ya heshima mwaka 1996. Alifariki tarehe 26 Septemba 1999, akiwa na miaka 91.

Kwa zawadi ile hakudai jina lake liandikwe ukutani. Alisema angependa kuhudhuria mahafali, amwone kwa macho yake kijana mmoja aliyemaliza masomo kwa pesa zile.