Usiishie Kisiwani

Mwezi uliopita nilikaa Kilwa siku tatu, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza habari za safari: ukienda Kilwa, pwani ya kusini mwa Tanzania, usiishie Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Wageni wengi hufika Kilwa Masoko jioni, hulala usiku mmoja, huvushwa kwa mashua asubuhi kwenda kuona Msikiti Mkuu na ngome ya kale iitwayo Gereza, na adhuhuri huwa wamekwisha kufunga mizigo. Kilwa Kivinje, mji ulio kaskazini mwa Masoko kwenye pwani hiyohiyo, hawaufiki kabisa, na kwa maoni yangu hurudi na nusu tu ya habari ya Kilwa.

Kisiwani penyewe pana haki ya kusifiwa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa baadaye kwa nguzo, matao na makuba, na hata leo mtu akisimama chini ya matao yale hujikuta anapunguza sauti bila kuambiwa. Nahodha aliyetuvusha, ambaye ni mzaliwa wa kisiwani, alinishika mkono akanipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango uliochongwa kwa tumbawe, akanieleza kwamba tumbawe laini la namna ile hutolewa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, kwa kuwa likishakauka huwa gumu na halikubali tena patasi. Ukingo ule ulikuwa bado mkali. Fundi aliyeuchonga alilazimika kufanya kazi yake kwa haraka na kwa uhakika, na kazi hiyo imeishi kupita jina lake.

Mbali kidogo, juu ya mwamba unaotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 lenye birika la pembe nane. Hapo ndipo husimuliwa habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Ibn Battuta anaeleza kwamba fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akazivua na kumpa. Kisa hiki hupendwa sana, na mara nyingi hukatizwa hapo, ilhali kinaendelea: mwana wa sultani alizichukua tena nguo zile kwa fukara, akampa badala yake watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyousifu ukarimu huo aliamuru aongezewe watumwa kumi wengine pamoja na pembe za ndovu. Nilipoikumbuka sehemu hiyo ya pili nikiwa nimesimama kando ya birika, sikuweza tena kulitazama jumba lile kwa macho niliyokuja nayo. Binadamu ishirini wametajwa humo kama zawadi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Kisiwani ni fahari na Kivinje ni majonzi, kana kwamba ni habari mbili. Ni habari moja. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikileta pembe na watumwa, na wengi wao walisafirishwa kwenda Zanzibar. Kisha wakaja Wajerumani, wakaufanya mji huo makao ya utawala wao katika eneo hilo, na mwaka 1895 wakamnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya aliyewapinga kwa silaha. Miaka kumi baadaye Vita vya Majimaji viliwaka katika milima ya Umatumbi, nyuma ya pwani hiyohiyo.

Leo nyumba za mawe za Kivinje zinaanguka. Nilipita uchochoro mmoja nikaona ukuta uliobaki na matundu ya boriti tu, mizizi ya mti ikiwa imeupasua katikati, na kando yake nyumba iliyozibwa nyufa kwa saruji, ambayo huufungia ukuta wa matumbawe unyevu ndani na kuumaliza polepole. Chokaa ndiyo dawa yake. Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, yakakarabatiwa hadi yakaondolewa humo mwaka 2014. Tumekwisha kuona, basi, kwamba kazi hii inawezekana, na siachi kujiuliza kwa nini mafundi wa chokaa waliopata ujuzi wasipelekwe Kivinje, ambako watu bado wanalala ndani ya nyumba hizo.

Jioni ya mwisho nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka Kisiwani?”

Nikamjibu kwamba nilikwenda jana, na leo nimekuja kwao. Akasogea, akanipisha nafasi kwenye baraza, akamwita mjukuu wake alete kahawa. Kisha akaninyooshea kidole upande wa Mwembe Kinyonga, walikonyongwa waliokataa kutawaliwa, akaanza kunisimulia. Tuliondoka barazani baada ya adhana ya isha.