Warfarini au dawa mpya: nani apewe ipi?

Wagonjwa wawili wa rika moja na uzito mmoja wanaweza kuanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, siku moja, kwa dozi ileile. Wiki mbili baadaye mmoja anatokwa damu kwenye fizi, na mwenzake damu inaganda kana kwamba hajameza kitu. Wa kwanza anatosheka na miligramu 2 kwa siku, wa pili hafikii lengo mpaka apewe 10. Ndiyo maana wapo madaktari wanaotaka tuhamie dawa mpya, kama rivaroksabani na apiksabani, ambazo hazihitaji kupima kila mara INR, yaani kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Hoja yao ina uzito, lakini kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa Afrika Mashariki naona haitoshi.

Warfarini huzuia vitamini K isilisaidie ini kutengeneza protini za kugandisha damu. Jeni ya VKORC1 huchangia kuamua mwili utaihisi dawa kwa nguvu gani, na CYP2C9 ini litaivunja kwa kasi gani. Kisha kuna sahani. Anayeanza ghafla kula mchicha, kisamvu na matembele kila siku hushusha nguvu ya dawa; akiugua akashindwa kula, inapanda. Kinachonitia hofu zaidi ni dawa nyingine. Metronidazoli na Septrini, tunazozinunua kirahisi dukani, hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, hivyo dozi ya warfarini huongezwa. Matibabu ya TB yanapokwisha, nguvu ya rifampisini huisha taratibu, na dozi ile iliyoongezwa, isipopunguzwa, inageuka hatari.

Wapo wanaosema tupime jeni kwanza. Utafiti wa COAG wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi dozi iliyokadiriwa kwa jeni ilifanya vibaya kuliko iliyokadiriwa kwa umri, uzito na hali ya mgonjwa. Kipimo hicho hakikuangalia aina za CYP2C9 zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Tusinunue kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa kututazama sisi.

Dawa mpya zina haki yake. Mzee ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, valvu zake ni nzima na anaishi mbali na maabara, apewe hizo. Hata kuvuja damu kwenye ubongo hupungua. Ila nazo hutofautiana mtu na mtu. Dabigatrani, mojawapo ya hizo mpya, hutoka zaidi kwa figo, na rifampisini hupunguza nguvu ya zote. Tofauti hizo zipo, ila kwa kawaida hazipimwi.

Wagonjwa wetu wengi valvu zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, wengine wakiwa bado vijana. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa aina hiyo katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulihesabu vifo 552 kwa waliopewa rivaroksabani, na 442 kwa waliotumia warfarini na jamii yake. Hiyo ni licha ya wengi wa hawa wa warfarini kuwa na INR isiyotulia. Kwa waliowekewa valvu za chuma, jaribio la dabigatrani lilisimamishwa kwa sababu ya damu kuganda na kuvuja.

Damu ikivuja, je? Vitamini K ni rahisi na ipo hata wodi ya wazazi, maana watoto wachanga huchomwa. Lakini huchukua saa kadhaa, kwa hiyo anayevuja damu kichwani anahitaji pia plazima (majimaji ya damu) au protini za kugandisha zilizokolezwa. Vitamini K ikizidi, mwenye valvu ya chuma hukaa siku kadhaa warfarini haimshiki. Dawa mpya huisha mwilini ndani ya siku moja au mbili figo zikiwa nzima, ila idarusizumabu, inayozima dabigatrani, ni ghali mno.

Kwa hiyo fedha ningezipeleka kwanza kwenye mashine za INR za kuchoma kidole, ziwepo hospitali za wilaya. Na kabla ya kubadilisha dawa, daktari amuulize mgonjwa kuhusu valvu, figo na TB. Mwenye valvu ya chuma akishauriwa na jirani ahamie dawa mpya, asikubali, wala asiache dozi kabla ya kurudi kliniki.