Sally Ride na Zile Siku Sita Tunazozikariri

Kila Juni, mitandaoni inarudi picha ileile ya Sally Ride: mwanamke wa kwanza Mmarekani kwenda angani, 1983, siku sita. Kisha kile kisa cha wahandisi wa NASA waliomuuliza kama tamponi 100 zingemtosha kwa wiki. Tunacheka, tunasambaza, tumemaliza. Haya, kuwa wa kwanza si jambo dogo, japo Wasovieti walishapeleka wanawake wawili kabla yake. Lakini huyu alikuwa mwanafizikia! Uzamivu wake wa Stanford, 1978, ulihusu yanayoipata mionzi ya eksirei ikipita kwenye gesi na vumbi baina ya nyota.

Kazi yake kubwa kuliko safari zake zote mbili za angani haisambazwi hivyo. Chombo cha angani cha NASA, Challenger, kilipoangamia na wanaanga wake tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, aliteuliwa kwenye tume ya uchunguzi. Zile roketi za pembeni ziliundwa kwa vipande, na kila kiungo kilizibwa kwa oringi mbili, yaani pete za mpira, unene wake kama milimita 7. Roketi ikiwashwa, shinikizo hukifumua kiungo kidogo tu, na oringi lazima ijitanue papo hapo kuufuata mwanya. Mpira ukipoa unakakamaa, na mwanya haungoji. Asubuhi ile palikuwa na nyuzijoto kama 2 za Selsiasi. Safari ya baridi kuliko zote kabla yake ilikuwa na 12. Gesi ya moto ikapenya.

Ride ndiye aliyekuwa na karatasi ya NASA yenye safu mbili: joto upande mmoja, uwezo wa oringi kurudia umbo upande wa pili. Akampenyezea Jenerali Donald Kutyna, mjumbe mwenzake wa tume, kimyakimya. Kutyna, ili asimfichue Ride, akamdokezea mjumbe mwingine, mwanafizikia Richard Feynman, kwa kisingizio cha oringi za kabureta ya gari lake. Feynman akachovya kipande cha mpira kwenye maji ya barafu mbele ya kamera, na sifa zote zikawa zake. Jina la Ride lilitajwa baada ya kufa kwake, 2012.

Halafu kuna wanaosema eti "aliacha sayansi akafuata biashara." Urais wa Space.com, tovuti ya habari za anga, kweli, ulikuwa mfupi, 1999 hadi 2000. Sina la kuupamba. Lakini kampuni ya elimu ya sayansi aliyoianzisha 2001, iliyokuja kuitwa Sally Ride Science, ilitanguliwa na EarthKAM, mradi wa wanafunzi kuagiza picha za Dunia kutoka kwenye chombo cha angani, aliouanza akiwa profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwanafunzi anachagua mahali, anatazama njia ya chombo, anahakikisha kitapita pale mchana, anaangalia mawingu, ndipo anatuma ombi la picha. Chombo kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Lenga Kilimanjaro kikielekea kusini-mashariki, chelewa dakika moja tu, utaletewa picha ya bahari pembeni mwa Zanzibar. Hayo ndiyo wanayoyaita kuacha sayansi.