Usaili wa mchujo: pepa za nyuma zinakusaidia nini?

Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikitoka tu, magrupu ya WhatsApp ya vijana wanaosaka ajira hapa Dodoma hugawanyika. Wapo wanaohaha kutafuta "pepa za nyuma", na wapo wanaowauzia. Wengine huwacheka: mtihani wa hoja za maneno haujiandaliwi, kichwa ulichonacho ndicho utakachoingia nacho ukumbini. Kila upande una ukweli wake, ingawa mimi naegemea zaidi kwa wanaojiandaa, kwa sababu tofauti na zile wanazozitoa wenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nao, mtihani wenyewe ni kifungu kifupi cha habari na kauli kadhaa chini yake. Kwa kila kauli unaamua kama ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana kwa kutumia kifungu hicho peke yake. Muda unabana. Aina moja inayotumika sana duniani ina maswali 30 kwa dakika 19, yaani sekunde 38 kwa swali, kusoma kukiwa humohumo. Mashirika ya kimataifa, baadhi ya mabenki na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu huutumia kupunguza waombaji kabla ya kumwita mtu ana kwa ana. Serikalini mchujo umezoeleka kuwa na maswali ya taaluma zaidi, ila Sekretarieti ya Ajira nayo imeshaanza kuhamishia sehemu ya usaili kwenye kompyuta, na maswali ya namna hii husahihishwa na kompyuta kirahisi mno kiasi kwamba sioni yatakavyokwepeka.

Sababu ya kuchuja kwa mtihani haina fumbo. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilijaza Uwanja wa Taifa kwa watu zaidi ya 10,000 waliokuja kugombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 135,000. Hakuna jopo la kuwahoji watu hao wote.

Sasa tuuangalie mtihani kwa karibu. Chukua kifungu hiki nilichokitunga: "Mkoani Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wakulima wenye visima huvuna zaidi msimu wa kiangazi kuliko wanaotegemea mvua. Baadhi ya viwanda vya mvinyo hununua zabibu kwa mkataba." Kauli: "Wakulima wenye visima hupata faida kubwa kuliko wasio navyo." Kijana aliyekulia Hombolo au Mpunguzi, aliyeanza kubeba kreti shambani kwa baba yake akiwa darasa la tatu, anaweza kuweka "kweli" bila kusita. Au ataweka "si kweli", maana anajua dizeli ya pampu inavyokula hela, na anajua bei inavyoporomoka wote wakivuna kwa mpigo. Kote amekosa. Kifungu hakijasema lolote kuhusu faida, kwa hiyo jibu ni "haiwezi kujulikana". Mwenzake kutoka Bukoba, ambaye mzabibu hajawahi kuuona, ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulipata.

Ndiyo maana wanaosema mtihani huu ni akili ya kuzaliwa tu wananishangaza. Yule kijana wa Hombolo hakukosa akili. Alichokosa ni taarifa kwamba hapa anachokijua kinatakiwa kiachwe mlangoni. Nani angemwambia? Kuanzia darasa la kwanza hadi shahada ni miaka 16 ya kufundishwa kinyume chake: ukiulizwa, toa nondo zote ulizonazo, na usiache swali wazi. Mwanafunzi anayejibu "haiwezi kujulikana" kwenye mtihani wa jiografia anapewa sifuri na kuandikiwa "soma kwa bidii". Mtu wa namna hiyo ukimwekea mbele kifungu na sekunde 38, ukampima na mwenzake aliyekwisha kuufanya mtihani huo mara kadhaa, unachopima ni nani kazoea.

Wanaoupinga mtihani wenyewe huenda mbali zaidi: wanauliza unahusiana nini na kazi. Kwa baadhi ya kazi naona unahusiana sana. Afisa aliyeko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anayeandika dokezo kwenda kwa katibu mkuu, akachanganya kilichomo kwenye jalada na alichokisikia kwenye korido, anampotosha bosi wake, na siku swali likiulizwa bungeni atatafutwa. Kutenganisha kilichoandikwa na ninachodhania ni nusu ya kazi yake. Kwa fundi umeme au mhudumu wa ghala hoja hiyo inalegea. Marekani suala hili lilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi, kwenye kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power ya mwaka 1971, na mahakama ikasema kipimo kinachowachuja watu wa kundi fulani kwa wingi hakikubaliki kama mwajiri hawezi kuonyesha kwamba kinahusiana na kazi. Swali hilo kwetu huulizwa kwa manung'uniko tu.

Halafu kuna lugha. Mara nyingi mitihani hii huja kwa Kiingereza. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaanza kukutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza, anasoma kifungu mara mbili kabla hajaanza kukipima. Sekunde zake zimekwisha. Jeshi la Marekani liliuona ugumu huu mwaka 1917, lilipoanza kuwapima askari wake kwa wingi: lilitengeneza mtihani wa maandishi ulioitwa Alpha, na mwingine wa picha, Beta, kwa wasioweza kusoma Kiingereza. Beta nao ulikuwa na lawama zake nyingi, lakini angalau walikiri kwamba kutojua lugha ya mtihani na kutojua kufikiri ni vitu viwili. Kama kazi yenyewe itafanyika kwa Kiingereza, sawa, pima Kiingereza na useme unapima Kiingereza. Kama afisa atashinda na wananchi wa Chamwino na Mpwapwa akizungumza Kiswahili toka asubuhi hadi jioni, sioni kwa nini kifungu kisiwe kwa Kiswahili.

Turudi kwa wanaokesha na pepa. Upande unaowapinga una hoja nzito kuliko unavyoieleza. Mtu akirudia mtihani wa namna hii maksi zake hupanda, na hupanda zaidi akipata mtu wa kumwelekeza. Hilo watafiti wameliona mara nyingi. Lakini maksi kupanda hakumaanishi kwamba atafanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye hela ya kozi na bando la kushinda mtandaoni anampita asiye navyo, na mwajiri anadhani kapata kichwa.

Naikubali hoja hiyo nusu. Saa chache za kwanza za mazoezi zinaondoa ugeni, na ugeni ukiondoka maksi zinakaribia uwezo halisi wa mtu. Baada ya hapo unachofukuzia ni maksi mbili tatu za ujanja. Tatizo ni kwamba maksi mbili tatu ndizo zinazoamua pale watu elfu wanapogombea kiti kimoja, hivyo siwezi kumwita mjinga anayezifukuzia. Anayekosea ni yule anayekariri majibu. Desa la maswali mia mbili lililopigwa kopi pale steshenari karibu na chuo, nusu ya majibu yake yakiwa yamewekwa na mtu aliyeotea, linakufundisha makosa ya mwenzako. Vifungu havitajirudia. Kinachojirudia ni mitego: "baadhi" kugeuzwa "wote", "huenda" kugeuzwa "lazima", jambo lililotokea baada ya lingine kufanywa limesababishwa nalo.

Kwa aliyebakiwa na wiki moja, mimi ningemshauri aachane na desa, achukue habari ya gazeti, aandike kauli zake tano, kisha abishane na rafiki ipi imo na ipi haimo, bila saa siku za mwanzo na kwa saa siku za mwisho. Ni kazi ya kuchosha na haina mvuto wa PDF.

Mzigo mkubwa zaidi lakini ni wa mwajiri. Angeweza kuambatanisha mfano mmoja wa mtihani na majibu yake yaliyoelezwa, pamoja na barua ya wito. Watasema maswali yatavuja. Yasiyotumika yavuje tu. Mfano si benki ya maswali.

Na asizipe maksi uzito kuliko zinavyostahili. Kwa miaka mingi vitabu vya uajiri vilinukuu uchambuzi wa Schmidt na Hunter wa 1998, uliokadiria uhusiano wa vipimo vya akili na utendaji kazini kuwa 0.51, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walirudia hesabu na kupata 0.31, huku usaili wa mahojiano wenye maswali yaliyopangwa, kila msailiwa akiulizwa yaleyale, ukipata 0.42. Kwa hiyo mtihani una kazi yake ya kupunguza umati, maana 135,000 hawahojiki. Ila wakishabaki mia tano wanaohojika, waanze upya wakiwa sawa; tofauti ya maksi 71 na 73 kwenye karatasi ya dakika 19 haitoshi kumnyima mtu kazi.